Sura ya Nne: Neno Linalosomeka Papo Hapo

Mwaka 1984 watafiti watatu wa Marekani, Patricia Masonheimer, Priscilla Drum na Linnea Ehri, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu wa darasa la awali angefaa kulijua. Waliwachukua watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliosifika kwa "kusoma" maandishi ya mitaani: majina ya migahawa, ya maduka, ya vinywaji. Mtoto akioneshwa nembo ya Pepsi, alitamka "Pepsi" bila kusita. Kisha watafiti wakaibadilisha herufi ya kwanza. P ikatoka, X ikaingia. Rangi, umbo na mwandiko vikabaki vilevile. Watoto walio wengi wakaendelea kusema "Pepsi". Hata walipoulizwa kama kuna kosa lolote, hawakuliona.

Macho yao yalikuwa mazima na kumbukumbu zao nzuri. Walichokuwa hawajaanza kukifanya ni kutazama herufi. Walikuwa wameshika rangi na umbo, wakalipa umbo hilo jina, kama wanavyolipa jina gari la jirani au mlango wa duka la kona.

Jaribio hilo dogo linagusa kiini cha mjadala uliodumu kwa karibu karne mbili kuhusu maneno madogo yanayojirudia katika kila ukurasa. Walimu wa Kiingereza huyaandika kwenye kadi, huyabandika ukutani na kuwataka watoto wayatambue papo hapo, bila kuyakokota herufi kwa herufi. Lengo hilo ni jema. Msomaji anayesimama kila anapofika kwenye "the" na "was" hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Swali ni namna ya kulifikia lengo, na jibu lina uzito kwa mtoto wa Ohio, kwa mtoto wa Kisumu, na kwa mtoto wa Morogoro anayejifunza kusoma kwa Kiswahili leo na Kiingereza kesho.

Orodha ya maneno 220

Jina linalotajwa zaidi katika habari hii ni la Edward William Dolch, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1936 Dolch alichapisha makala yenye orodha ya maneno 220. Aliyapata kwa kulinganisha orodha tatu za maneno ya watoto wadogo zilizokuwa zikitumika wakati ule, akachagua yaliyojitokeza tena na tena. Majina ya vitu aliyaacha kwa makusudi, kwa kuwa hayo hubadilika hadithi inapobadilika: leo ng'ombe na zizi, kesho treni na kituo. Alichokitaka ni gundi ya lugha, yaani viunganishi, viwakilishi, vihusishi, vielezi na vitenzi vya kila siku: "and", "they", "under", "could", "said", "because". Baadaye aliandaa orodha ya pembeni ya majina 95.

Dolch alionesha kwamba maneno hayo 220 huchukua zaidi ya nusu ya maneno yote katika vitabu vya shule vya watoto. Miongo miwili baadaye, mwaka 1957, Edward Fry alianza kutoa orodha yake mwenyewe, akaipanua baadaye hadi kufikia maneno 1,000. Kwa hesabu zake, maneno 100 ya kwanza tu hufanya karibu nusu ya kila kinachoandikwa kwa Kiingereza. Ushahidi mwingine ulitoka Chuo Kikuu cha Brown, ambako Henry Kučera na W. Nelson Francis walichambua kwa kompyuta matini ya maneno milioni moja na kuchapisha takwimu zao mwaka 1967. Neno "the" peke yake lilijitokeza karibu mara 70,000.

Ukiziangalia namba hizo, utaelewa kwa nini mwalimu alitaka njia ya mkato. Maneno machache yakishikwa, nusu ya ukurasa imeshasomeka. Tena mengi ya maneno hayo hayachoreki. Mpira unaweza kuuchora, mbwa unaweza kumchora, lakini hakuna picha ya "of". Ndipo kadi zilipoingia: neno upande mmoja, mwalimu analiinua, darasa linalitaja kwa sauti moja, kadi inayofuata. Anayekosa hurudishwa mwanzo. Katika shule nyingi hesabu ya maneno yaliyokwisha kukaririwa ikageuka kuwa kipimo cha maendeleo ya mtoto.

Herufi au neno zima

Njia ya kadi haikuzuka ghafla. Watoto wa makoloni ya Marekani katika karne ya 17 na ya 18 walifundishwa kusoma kwa njia ambayo Mtanzania au Mkenya angeitambua mara moja. Kitabu chao maarufu, The New England Primer, kilipanga silabi katika safu, "ab, eb, ib, ob, ub", na watoto waliziimba kwa pamoja kama vile "ba, be, bi, bo, bu" inavyoimbwa katika madarasa yetu. Kutoka kwenye silabi walipanda hadi maneno mafupi, kisha marefu.

Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu ya jimbo la Massachusetts na mmoja wa watu wenye ushawishi mkubwa katika historia ya shule za Marekani, aliichukia njia hiyo. Aliona watoto wakichoshwa na alama zisizo na maana. Akapendekeza waanze na maneno kamili wanayoyajua, na herufi zije baadaye. Mwaka 1844 walimu wakuu 31 wa shule za Boston walimjibu hadharani kwa kitabu kizima cha kumpinga. Ugomvi huo haujaisha hadi leo. Umebadilisha majina tu.

Upande wa Mann ulipata nguvu mpya mwaka 1886. James McKeen Cattell, Mmarekani aliyekuwa akisoma saikolojia mjini Leipzig, alipima muda ambao watu wazima hutumia kutambua maandishi, akakuta kwamba neno fupi hutambulika kwa karibu kasi ileile ya herufi moja. Kipimo chake kilikuwa sahihi, ila wengine walikifanyia hitimisho ambalo hakikulibeba: ikiwa msomaji mzoefu huliona neno kwa mkupuo, basi mtoto naye afundishwe kwa mkupuo. Mahali anapofika mzoefu palichukuliwa kuwa mahali pa kuanzia mwanafunzi.

Kuanzia mwaka 1930 mamilioni ya watoto wa Marekani walisoma vitabu vya Dick na Jane vya kampuni ya Scott Foresman. Ndani yake maneno machache yalirudiwarudiwa hadi yazoeleke machoni, na maneno mapya yaliongezwa kwa kibaba. Mwaka 1955 Rudolf Flesch, mwandishi mzaliwa wa Austria, aliishambulia njia hiyo katika kitabu kilichouliza kwa nini mtoto aitwaye Johnny hawezi kusoma. Wazazi walikinunua kwa wingi.

Katika joto la mjadala huo, mchapishaji mmoja alimwomba Theodor Geisel, anayejulikana zaidi kama Dr. Seuss, atunge hadithi ya kuvutia kutokana na orodha fupi ya maneno ya darasa la kwanza. Matokeo yake ni The Cat in the Hat ya mwaka 1957, yenye maneno tofauti 236 tu. Mwaka 1960, baada ya mchapishaji wake Bennett Cerf kumwekea dau, alitoa Green Eggs and Ham yenye maneno tofauti 50. Kati ya hayo, ni "anywhere" peke yake lenye silabi zaidi ya moja. Watoto waliyasoma maneno hayo mara kumi, mara ishirini, bila kuchoka, kwa sababu yalipangwa kwa vina na mapigo. Vina hivyo viliwafanyia kazi nyingine kimyakimya: mtoto aliyesoma "cat" na "hat" katika mistari inayoitikiana alilazimika kugundua kwamba mwisho wa maneno hayo unafanana kwa sauti na kwa herufi pia.

Jinsi neno linavyokaa kichwani

Linnea Ehri, yule wa jaribio la Pepsi, aliendelea na utafiti kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Maelezo yake ndiyo yanayokubalika zaidi leo kati ya wataalamu wa kusoma. Kwa mujibu wa Ehri, neno linalotambulika papo hapo halihifadhiwi kama picha. Huhifadhiwa kama mafungamano ya vitu vitatu: sauti za neno, herufi zinazozibeba sauti hizo, na maana yake. Mtoto anayejua kwamba "ship" ina sauti tatu, na kwamba "sh" inabeba ya kwanza, "i" ya pili na "p" ya tatu, ana kamba tatu zinazolishikilia neno. Akikutana nalo mara chache tu, kamba hizo hukaza, na kuanzia hapo hana haja ya kulikokota. Mtoto aliyeambiwa "tazama, hii ni ship" ana umbo tupu mkononi, na siku akiiona "shop" atasema "ship" kwa uhakika wote.

Mwaka 1995 David Share wa Chuo Kikuu cha Haifa aliongeza hoja muhimu. Alisema kila mara mtoto anapofaulu kulisoma neno geni kwa kuunganisha sauti zake, anajifundisha mwenyewe. Anaweka akiba ya neno hilo bila msaada wa mwalimu. Hii ndiyo sababu mtoto anayejua sauti za herufi hujikusanyia maelfu ya maneno katika miaka michache. Hakuna darasa lenye muda wa kuinua kadi 20,000.

Utafiti wa ubongo umeafiki hoja hiyo. Stanislas Dehaene na wenzake walilinganisha watu wazima wa Brazili na Ureno waliosoma utotoni, waliojifunza ukubwani na wasiojua kusoma kabisa. Katika matokeo yaliyotoka mwaka 2010 walionesha kuwa kujifunza kusoma hujenga eneo maalumu upande wa kushoto wa ubongo, kwa nyuma, linaloitikia maandishi na kuyaunganisha na maeneo ya lugha ya kusemwa. Mwaka 2015 Yuliya Yoncheva, Jessica Wise na Bruce McCandliss waliwafundisha watu wazima mwandiko wa kubuni kwa njia mbili. Maneno mengine yalifundishwa kwa kuunganisha alama na sauti, mengine kwa kukariri umbo zima. Yale ya njia ya kwanza yaliamsha upande wa kushoto, ambako wasomaji stadi hufanyia kazi ya kusoma. Yale ya kukariri yaliegemea upande wa kulia.

Kwa hiyo ile kasi ambayo Cattell aliipima ni tunda la herufi na sauti zilizofungamana kwa muda mrefu hadi mwenyewe asihisi tena kwamba anaziunganisha.

Maneno yanayosemekana kuwa makorofi

Mtetezi wa kadi ana hoja moja nzito. Atasema: sawa, "ship" inasomeka kwa sauti, lakini "said" je? Na "one"? Na "could"? Mtoto akifuata herufi atapotea.

Linda Farrell, Michael Hunter na Tina Osenga, walimu wa usomaji nchini Marekani, waliipitia orodha ya Dolch neno kwa neno. Walikuta kwamba maneno 138 kati ya 220 yanafuata kanuni za kawaida za tahajia ya Kiingereza: "and", "at", "it", "big", "jump", "made", "green". Hayana ukorofi wowote. Yalichanganywa tu na yenye ukorofi kwenye rundo moja la kadi.

Hata yale yaliyobaki hayajaharibika yote. Katika "said", herufi "s" na "d" zinafanya kazi yake ileile ya kila siku. Penye mtego ni "ai" pekee, inayotamkwa "e" kana kwamba neno ni "sed". Katika "was", "w" iko sawa, na "s" kutamkwa "z" ni jambo la kawaida kama katika "is" na "his". Hata "a" yake ina mantiki: baada ya "w", Kiingereza hupenda kuibadilisha sauti hiyo, ndiyo maana iko vivyo hivyo katika "want" na "what".

Mengine yana asili inayoeleweka. "Two" hutamkwa "tu", lakini zamani "w" yake ilisikika, na bado inasikika katika ndugu zake "twelve", "twenty" na "twin". "One" ina ukoo na "only" na "alone", ambamo "o" bado inatamkwa kama ilivyoandikwa. Matamshi ya "wan" yalitoka katika lahaja na kuenea baadaye. "Could" haikuwa na "l" hapo mwanzo. Iliongezewa ili ifanane na "would" na "should". William Caxton alipoanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, matamshi ya irabu za Kiingereza yalikuwa katikati ya mabadiliko makubwa. Matbaa zikazidi kuzikazia tahajia huku ndimi zikiendelea kubadilika, na mtoto wa leo ndiye anayelipa deni hilo.

Gharama yake imepimwa. Mwaka 2003 Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walichapisha ulinganisho wa watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Kifini na wa Kijerumani walisoma kwa usahihi asilimia 98 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walisoma asilimia 34. Watoto wa Scotland hawakuzidiwa akili wala bidii. Mzigo waliotwishwa ulikuwa mzito zaidi.

Somo la neno moja

Njia inayofaa basi ni ipi? Chukua "said", na darasa la watoto wa miaka sita. Kadi haijainuliwa bado. Mwalimu anaanza kwa mdomo: analitumia neno katika sentensi mbili tatu, watoto wanalirudia, wanatunga zao. Neno lisilojulikana kwa sikio halina pa kufungwa.

Kisha linahesabiwa. "Said" ina sauti ngapi? Watoto wanainua kidole kwa kila sauti, au wanasogeza vifuniko vya soda mezani: s, e, d. Tatu. Mwalimu anachora ubaoni mistari mitatu mifupi, mmoja kwa kila sauti, na darasa linamwambia la kuandika. "S" inakaa kwenye mstari wa kwanza bila ubishi, "d" kwenye wa tatu. Katikati kila mtoto atataja "e", na mtoto huyo ana haki. Hapo mwalimu anawaambia wazi: "Mmesikia vizuri, ni e. Katika neno hili e imeandikwa a na i. Hapo ndipo pa kukumbuka." Anaizungushia duara. Walimu wengi wa Marekani huchora moyo mdogo juu ya sehemu hiyo, kwa maana kwamba ndiyo pekee ya kuhifadhiwa moyoni.

Watoto wanaliandika huku wakitamka sauti, wanalifunika, wanaliandika tena, wanalisoma ndani ya sentensi fupi. Somo zima halizidi dakika kumi. Kesho yake neno linarudi kwa dakika moja, keshokutwa tena, na wiki ijayo linakutwa kwenye hadithi.

Maneno mawili au matatu kwa wiki yanatosha kabisa kwa mtoto anayeanza. Mpangilio nao una faida. "He", "she", "we", "me" na "be" hufundishwa pamoja kwa sababu mwisho wao ni mmoja. Ukishalielewa moja, manne yamefunguka. "Could", "would" na "should" vilevile. Yale yanayochanganyana kwa sura hutenganishwa. "Was" na "saw" zina herufi zilezile zilizogeuzwa, na kuzifundisha siku moja ni kumtafutia mtoto taabu. Ya kwanza ikae vizuri, ya pili ije wiki kadhaa baadaye. "Of", "for" na "from" pia huleta mkanganyiko zikija kwa pamoja. Na kwa kuwa maneno haya hayana picha, hayafai kukaa peke yake kwa muda mrefu. "Of" haina uhai. "A cup of tea" inao.

Kadi bado zina kazi baada ya hapo. Zinafaa kwa marudio ya haraka na kwa michezo, maadamu neno lililomo limeshachambuliwa. Kuna pia watoto wanaohitaji kukutana na neno mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kwa hao dawa ni marudio mengi ya kazi ileile ya sauti na herufi, na subira. Kuwarudisha kwenye kukariri maumbo ni kuwazidishia mzigo.

Kiswahili kina maneno yake ya papo hapo

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani haya hayamhusu. Lugha yetu ina irabu tano, kila moja ina sauti yake, na tahajia yake ilisanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja. Hakuna "said" ya Kiswahili. Mtoto akizijua silabi, anaweza kutamka chochote.

Kutamka na kusoma kwa wepesi, hata hivyo, ni hatua mbili. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza uandishi wa watoto wa Tanzania, walionesha mwaka 2003 kwamba hata lugha yenye tahajia nyoofu huwapa watoto kazi ya kweli. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anayajua maeneo yenyewe: "ng" na "ng'", "dh" na "th", "gh", konsonanti zinazoshikana kama "mbw" na "ndw", na "m" inayosimama kama silabi katika "mtu" na "mke".

Kisha kuna urefu. Kiingereza huweka maneno madogo pembeni: "they will not wait for us" ni maneno sita. Kiswahili huyasuka yote kuwa neno moja, "hawatatusubiri". Mtoto anayekwenda ha-wa-ta-tu-su-bi-ri, akipumua kati ya kila silabi, hufika "ri" akiwa amepoteza "ha". Anachohitaji ni jicho lizoee vipande vikubwa kuliko silabi. "Ana-", "wana-", "tuli-", "hawata-", "nime-", "aliye-" ndivyo vinavyojirudia katika kila ukurasa wa Kiswahili, na vinastahili kufundishwa kwa uangalifu uleule unaopewa "they" na "was". Pembeni yake yako maneno mafupi yanayoshika sentensi: na, ni, ya, wa, kwa, la, za, katika, lakini, kwamba.

Zoezi lake ni jepesi. Mwalimu anaandika "wana-" ubaoni, darasa linalisoma kwa pumzi moja, kisha mizizi inabadilishwa mbele ya macho yao: wanasoma, wanacheza, wanapika, wanalala. Siku nyingine mzizi unabaki na mwanzo unabadilika: anasoma, tunasoma, mlisoma, hawasomi. Mtoto anajifunza kwamba jicho linaweza kukamata "wana-" kwa mara moja na kumwachia nguvu ya kushughulikia kilichobaki. Safu za "ba, be, bi, bo, bu" zinabaki kuwa msingi. Zoezi hili linamtoa mtoto kwenye kuimba silabi na kumwingiza kwenye kusoma maneno.

Tofauti hii ya urefu imezingatiwa hata katika vipimo. Nchini Kenya, ambako mpango wa Tusome ulianza mwaka 2015 na kuwapelekea wanafunzi wa madarasa ya chini vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza, msomaji fasaha wa darasa la pili alitarajiwa kusoma maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mtu akiziangalia namba hizo juujuu atadhani Kiswahili kimewekewa matarajio madogo. Sababu ni kwamba neno moja la Kiswahili mara nyingi hubeba kazi ya maneno matatu au manne ya Kiingereza.

Anapovuka kwenda Kiingereza

Mtoto aliyekwisha kusoma Kiswahili anapofungua kitabu cha Kiingereza, anakuja na mali. Anajua kwamba herufi ni sauti. Anazijua "sh" na "ch", hivyo "she" na "much" zina nusu ya safari iliyokwisha kwendwa. Aliyelelewa na Kiswahili chenye "dhahabu" na "thamani" ana ulimini sauti mbili ambazo wageni wengi wa Kiingereza huzihangaikia maisha yao yote. Anahitaji tu kuambiwa kwamba Kiingereza huziandika zote mbili kwa "th", ile ya "the" na ile ya "think".

Anakuja pia na kanuni ambayo sasa itamponza. Akiona "some" atasoma kama ilivyo katika "asome". "Come" itakuwa "ko-me", "are" itakuwa "a-re", "one" itakuwa "o-ne" kama katika "aone", na "me" itakuwa "me" ya "mezani". Mwalimu anayemkaripia kwa hayo anaadhibu kusoma kuzuri. Mtoto ameifuata kwa uaminifu kanuni aliyofundishwa, na kanuni hiyo ni sahihi kwa lugha yake. Anachostahili kuambiwa ni kwamba Kiingereza kina desturi nyingine: "e" ya mwisho mara nyingi haitamkwi, na irabu moja inaweza kubeba sauti kadhaa. "Some" na "come" zikiwekwa pamoja kama jozi, na "e" ya mwisho ikipigiwa mstari, kosa linageuka kuwa somo la siku.

Lililo kubwa zaidi ni maana. Orodha ya Dolch iliandaliwa kwa watoto waliokuwa wakisema "because" na "them" nyumbani tangu wakiwa na miaka mitatu. Kadi hiyohiyo ikibandikwa katika darasa la kijiji ambako Kiingereza husikika kwa dakika arobaini kwa siku, mtoto anapewa umbo asilolijua kwa sauti asiyoijua kwa maana asiyoijua. Anaweza kulikariri, na wengi hufanya hivyo kwa bidii inayostahili heshima, lakini atakuwa amerudi kwenye nembo ya Pepsi. Kwake somo la mdomo halina budi kutangulia kwa wiki nzima au zaidi: nyimbo, maagizo ya darasani, michezo ya kuweka kitu "on", "under" na "in", mazungumzo mafupi ya kuigiza. Maneno yaingie kwenye orodha yake kwa kadiri anavyoyasema. Orodha fupi ya maneno thelathini anayoyatumia itamfaa kuliko 220 yaliyonakiliwa kutoka mbali.

Mwalimu anayetaka kujua neno limeshikwaje ana vipimo vitatu vinavyohitaji chaki tu. Aliandike kwa mwandiko tofauti, bila rangi ya kadi na mbali na mahali lilipozoeleka ukutani, aone kama linasomeka. Aliweke kati ya mapacha wake, "then" pamoja na "them", "they" na "there", aone kama mtoto anazitazama herufi zote hadi ya mwisho. Halafu atoe imla: alitamke katika sentensi na kumwacha mtoto aliandike. Aliyeandika "sed" amesikia sauti zote tatu na anahitaji kukumbushwa "ai" peke yake, kesho atapata. Aliyeandika "sdia" ana herufi zote bila sauti ya kuzipanga, na huyo arudishwe kwenye vifuniko vya soda, ahesabu upya sauti za neno kabla ya kuoneshwa kadi nyingine.